Umri hauuzi sarafu

Paisa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani, ina tarehe ya 1299 Hijria, yaani 1882. Ni ya zamani kuliko bibi wa yeyote anayeishikilia leo, na bado ni rahisi, kwa sababu zilifyatuliwa nyingi mno na nyingi zimebaki. Riyali ya fedha ya Sultani huyohuyo, ya mwaka huohuo, ni habari nyingine: wakusanyaji huigombea mnadani. Wauzaji wetu wengi huanza na umri wanapotaja bei. Mnunuzi mzoefu huuliza zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na nani mwingine anaitaka.

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na sarafu za Tabora zinalionyesha vizuri. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa, meli za Uingereza zimefunga bahari, na sarafu kutoka Ulaya haziingii. Wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakafyatua rupia 15: upande mmoja tai wa dola, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji.

Ndani ya kila moja mna dhahabu halisi isiyofika gramu 5.4, lakini iliyo safi huuzwa kwa maelfu ya dola. Tofauti hiyo haitokani na uchache peke yake. Wajerumani huzihesabu sarafu za makoloni yao ya zamani kama sehemu ya historia ya fedha yao, na mkusanyaji aliyeazimia kukamilisha seti hawezi kuiruka Tabora. Hata hela 20 za karakana ileile, za shaba tu, hutenganishwa kwa ukubwa wa taji lililochorwa juu yake. Kwa mtu wa kawaida huo ni upuuzi. Kwa mwenye pengo kwenye albamu yake, ni sababu ya kuongeza dau.

Senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye tundu katikati, ni kinyume chake. Ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu kabla ya kutawala hata mwaka mmoja, na aina za sarafu zilizoingia mzunguko kwa jina lake ni chache duniani. Ungedhani ni mali. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, na ya kawaida haizidi bei ya soda kadhaa.

Kwa riale ya Maria Theresa, tarehe haisemi kitu kabisa. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa mtawala huyo wa Austria, ilhali ziliendelea kufyatuliwa Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakuamini nyingine. Ina uzito wa gramu 28 na fedha asilimia 83.3. Bei ya madini siku hiyo ndiyo kiwango chake cha chini, na kwa zile za kawaida haipandi sana juu ya hapo. Vinavyofaa kubebwa dukani ni mizani ndogo na sumaku: fedha hainaswi na sumaku, bandia nyingi za chuma hunaswa.

Halafu kuna hali. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huipa sarafu alama kati ya 1 na 70, kisha huifungia kwenye kasha la plastiki. Hatua chache za alama huweza kuzidisha bei mara kadhaa. Hapo ndipo hasara ya nyumbani inapotokea, mtu anapoisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae mbele ya mteja. Ngozi yake ya asili ikishaondoka hairudi, na mthamini huliona hilo mara moja.

Mbele ya sheria, hata hivyo, umri una uzito: anayeokota sarafu za shaba za masultani wa Kilwa asianze kutafuta mteja wa nje. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvisafirisha bila kibali ni kosa. Paisa za Barghash zimeuvuka mstari huo kwa miaka 19.