Ukimya wa Ukumbini si Dalili ya Kuelewa

Kwa muda mrefu vyuo vya tiba vimetegemea mhadhara: mwalimu husema, wanafunzi huandika, na ukimya wao huhesabiwa kuwa wameelewa. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alibaini kuwa wanafunzi wake waliomudu hesabu ngumu walikwama kwenye maswali mepesi ya dhana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza utaratibu ambao leo hutumika pia katika masomo ya afya.

Mwalimu hueleza kwa dakika chache, kisha huuliza swali lenye majibu ya kuchagua. Tuchukue mfano: kwa nini dawa ya kurudisha maji mwilini, apewayo mtoto anayehara, huwa na sukari? Je, ni ya kumpa nguvu, ya kuficha ladha ya chumvi, au ya kuisaidia chumvi kufyonzwa utumboni? Kila mmoja hufikiri peke yake na kuchagua. Waliopata wakiwa wengi, somo huendelea. Wakiwa wachache mno, mwalimu hueleza upya. Wakiwa baina ya asilimia 30 na 70 hivi, hapo ndipo penye faida: kila mwanafunzi humgeukia jirani mwenye jibu tofauti, wakahojiana, kisha wote huchagua tena. Aliyeelewa sasa hivi bado anakumbuka alipokwama. Profesa alikwisha kupasahau zamani.

Jibu ni la tatu. Sukari na sodiamu huingia pamoja katika seli za utumbo mwembamba, na maji huzifuata. Aliyelipata jibu hilo kwa kulihoji hatamshauri mama aongeze sukari “ili mtoto apate nguvu”, kwani sukari ikizidi huvuta maji utumboni na kuzidisha kuhara.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya mhadhara mtupu walifeli takriban asilimia 34. Katika yale yaliyowashirikisha wanafunzi, asilimia 22. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Harvard, ulionesha kuwa walioshirikishwa walijifunza zaidi huku wao wenyewe wakidhani wamejifunza kidogo. Kuhangaika na swali hakupendezi kama kumsikiliza msemaji fasaha. Kwa hiyo mwalimu awaeleze mapema sababu ya taabu hiyo, wala asiuache utaratibu kwa manung’uniko ya wiki ya kwanza.

Vifaa visiwe kisingizio. Hata katika ukumbi wa mamia, kadi za rangi tatu kwa kila mwanafunzi zinatosha.

Wodini swali huelekezwa kwingine. Mwanafunzi akisha kueleza, humwomba mama aseme kwa maneno yake mwenyewe atakavyoichanganya pakiti nyumbani, maji kiasi gani na atampa mtoto lini. Ndugu msomaji uliye mgonjwa au mlezi, ukiulizwa hivyo usidhani unafanyiwa mtihani. Anayepimwa ni aliyekueleza. Nawe ukiona hakukuuliza, mrudishie maelezo yake kwa maneno yako kabla hujaondoka.