Ndoana haitupwi



Siku moja nilimpelekea Komunyo mama mzee ambaye miguu haimruhusu tena kufika kanisani. Baada ya sala nilikaribishwa chai. Kando ya dirisha palikuwa na meza ndogo, na juu yake jiliwa, kile chombo ambacho mafundi hubania vyuma, ila hiki kilikuwa kidogo sana. Kilikuwa kimebana ndoana, na mjukuu wa yule mama, msichana wa shule ya msingi, alikuwa ameiinamia akiizungushia uzi.

"Anafunga nzi, Padri," mama akaniambia. "Ni wa kwanza huyo."

Huenda wewe msomaji hujawahi kumsikia nzi wa aina hii. Ni chambo bandia cha kumvua trauti, yule samaki wa mito ya baridi itokayo Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Trauti si wa asili ya kwetu. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan. Samaki huyu hupenda sana wadudu wanaoelea majini. Lakini mdudu halisi ni laini mno, ukimchoma kwa ndoana anasagika. Basi watu wakabuni njia ya kumwigiza kwa kuifunga ndoana manyoya na uzi.

Ufundi huu ni wa kale. Karne ya pili au ya tatu baada ya Kristo, mwandishi Mrumi aitwaye Aelianus aliwaeleza wavuvi wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana. Mwaka 1496 kilichapishwa Uingereza kitabu cha uvuvi chenye maelezo ya nzi kumi na wawili, na kwa mapokeo ya muda mrefu watu wamesema aliyekiandika ni mtawa, Juliana Berners. Leo hii nzi wengi wanaotumiwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani hufungwa hapa Kenya, na wengi wa wanaowafunga ni akina mama, ambao hulipwa kwa hesabu ya dazeni. Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake wote, wala hajawahi kuvua samaki hata mmoja.

Mjukuu alipomaliza, alitutazama kwa furaha. Nzi wake alikuwa mnene kama kiwavi. Alikuwa amemjaza manyoya pande zote, tena ya rangi nzurinzuri. Akasema atamweka kwenye kijisanduku chake awe ukumbusho.

Bibi yake akamchukua, akamgeuza mwangani, kisha akachukua wembe. Kwa mikato mitatu hivi manyoya yote yakaanguka mezani. Machozi yakamlengalenga mtoto. Nami, nikiri, nilikasirika kidogo.

"Mama," nikasema, "si ungemwachia tu? Ni wa kwanza."

"Padri, hebu tazama," akanijibu, akinionyesha ncha ya ndoana. "Hapa pana tundu. Ndipo mshipi wa mvuvi unapofungwa. Yeye amelijaza manyoya mpaka limeziba. Mshipi utapita wapi? Wangu wa kwanza pia ulikatwa hivihivi. Manyoya ni ya jogoo, yapo mengi. Ndoana ndiyo ya pesa. Ndoana haitupwi."

Akairudisha ile ndoana kwenye jiliwa, akamvuta mjukuu wake karibu, akaishika mikono yake na kumwambia, "Haya, funga tena. Safari hii anza mbali na tundu."

Nimeambiwa kwamba wavuvi wanaofunga nzi kwa kujifurahisha hufanya tofauti. Kuna wanaomweka nzi wao wa kwanza ndani ya fremu ukutani, au kumchomeka kwenye kofia. Wapo pia wanaomrusha mtoni siku hiyohiyo, akanasa kwenye mti ng'ambo ya pili na kubaki huko. Kila mtu ana haki ya ukumbusho wake. Lakini njiani kurudi parokiani nilikuwa nawaza juu ya wembe ule, kwa sababu ulikuwa umenigusa mahali ambapo sikutarajia.

Nilipokuwa na miezi michache tu ya upadri, niliongoza mazishi ya mtoto. Yalikuwa mazishi yangu ya kwanza. Nilitayarisha mahubiri ya kurasa tatu. Niliwataja mababa wa Kanisa, nikaeleza fumbo la mateso kama nilivyofundishwa seminarini, nikapanga maneno kwa ufasaha. Mapadri wenzangu walinipongeza. Watu walipokuwa wakitawanyika kaburini, mama wa marehemu alinijia. Hakulia. Aliniuliza polepole, "Padri, wewe ulijua mwanangu alikuwa anaitwa nani?"

Katika kurasa tatu sikuwa nimelitaja jina la mtoto hata mara moja.

Nilimwomba radhi kwa haraka, kama mtu anayejitetea. Kisha nikafanya jambo ambalo leo linaniaibisha zaidi kuliko kosa lenyewe. Karatasi zile nilizihifadhi katika jalada, na kila nilipohamishwa parokia nilihama nazo. Yalikuwa mahubiri yangu ya kwanza ya mazishi. Niliyaona mazuri. Swali la yule mama nililihesabu kuwa uchungu wa mfiwa.

Jioni ile, baada ya kutoka kwa mzee wetu, nililitafuta lile jalada. Nikasoma. Yalikuwa manyoya matupu, ndugu zangu. Mazuri, ya rangi nyingi, ila tundu limeziba. Hapakuwa na mahali ambapo mama yule angeweza kuufunga mshipi wake. Nikachukua kalamu nikaanza kufuta, na nilipomaliza ilibaki sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoana. Ilikuwamo tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeifunika.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, kuna habari fupi ambayo aghalabu tunaipita. Watoza kodi ya hekalu wamemjia Petro. Yesu anamtuma baharini akatupe ndoana. Ni mahali pekee katika Agano Jipya panapotajwa ndoana; kwingine tunasikia nyavu. Anamwambia amchukue samaki wa kwanza atakayemwona, na kinywani mwake atakuta sarafu ya kuwalipia kodi wote wawili, Bwana na mtumishi wake. Petro alikuwa mvuvi wa nyavu, mwenye mashua na wenzake. Hapa anatumwa peke yake na ndoana moja. Samaki huyo wa kwanza hakuwa wa kujivunia wala wa kuonyeshwa watu. Alikuwa wa kulipa deni.

Naye Nabii Yeremia, katika sura ya 18, anatumwa nyumbani kwa mfinyanzi. Anaona chombo kikiharibika mkononi mwa fundi, na fundi hautupi ule udongo. Anaufinyanga upya, uleule. Bibi yule hajasoma teolojia, lakini alichokifanya kwa wembe ni kilekile. Kazi mbaya iliondoka, kiini kikabaki, na mtoto akabaki karibu naye.

Hapo pana funzo kwa sisi wazazi, walimu na mapadri. Wembe uliyagusa manyoya, haukumgusa mtoto. Wengi wetu tunakata vibaya. Kijana anakosea kazi yake ya kwanza, tunamwambia hafai kitu. Binti anaanguka mara moja, tunalitaja anguko lake hadi uzeeni. Huko ni kuitupa ndoana pamoja na manyoya. Mungu hafanyi hivyo. Katika Kitubio huondoa dhambi, na mtu akabaki, tena amerudishiwa kazi yake.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na ndilo langu. Ni kukihifadhi cha kwanza ili tusikiguse tena. Katika nyumba nyingi ninazozitembelea kuna picha ya Komunyo ya Kwanza ukutani, mtoto amevaa nyeupe na kushika mshumaa. Nikiuliza mara ya mwisho ya kupokea Komunyo ni lini, kimya kinaingia sebuleni. Picha ya harusi ya kanisani ipo kwenye fremu safi, na wenye picha hawajasemezana tangu Jumatatu. Tumeigeuza neema kuwa pambo. Neema ilitolewa itumike, na kinachotumika huchakaa, hukwama, huhitaji kufungwa upya mara nyingi.

Nilisafiri hadi parokia ile ya zamani. Mama yule bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe. Kwanza nililisoma jina la mtoto katika daftari la mazishi, nisije nikamfikia tena mikono mitupu. Nilipomwambia, "Mama, nimekuja kukuomba msamaha kuhusu mwanao," nikalitaja jina, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka hii yote nilidhani limebaki kwangu peke yangu."

Kesho yake tuliadhimisha Misa kwa ajili ya mtoto yule. Walihudhuria watu tisa. Mahubiri yalichukua dakika nne au tano. Jina lilitajwa. Hapa silitaji, kwa kuwa ni la mama yake.

Jumapili hii, mpendwa, kitafute cha kwanza ulichokihifadhi. Pengine ni sifa ya zamani inayokuzuia kujifunza. Pengine ni kosa la zamani linalokuzuia kuanza. Kipeleke mbele ya Bwana, umwachie wembe. Usiogope manyoya yakianguka. Yeye anaijua ndoana iliko, kwa maana ndiye aliyeiweka siku ya ubatizo wako.

Ee Bwana, tuondolee yanayoliziba tundu, ili mshipi wako upite. Nawe utuambie tena, kama bibi kwa mjukuu wake: haya, funga tena. Amina.