Molekuli ina umbo: somo kutoka mafuta ya nazi na mwani wa Mafia

Chukua neli mbili za majaribio. Moja itie mafuta ya nazi ya kisiwa cha Mafia, nyingine mafuta ya alizeti ya Singida, kisha zisimamishe kwenye bakuli la maji yenye barafu, barafu ile ile ya kuhifadhia samaki katika ufuko wa Utende kisiwani humo. Baada ya muda mfupi mafuta ya nazi yataanza kuingia weupe pembezoni mwa neli, weupe utasogea hadi katikati, na mwisho ukiipindua neli hakidondoki kitu. Ya alizeti huenda yakaingia ukungu kidogo, lakini yataendelea kumiminika.

Watu wa Mafia hawahitaji maabara kulijua hilo. Asubuhi za kipupwe chupa ya mafuta ya nazi hutolewa juani kwanza ndipo imiminwe, kwa kuwa mafuta hayo huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kemia ndiyo yenye kazi ya kueleza sababu, na sababu hiyo ni umbo la molekuli.

Mafuta yote ya kula yamejengwa kwa minyororo ya kaboni iliyozungukwa na hidrojeni, inayoitwa asidi za mafuta. Katika nazi, karibu nusu ya asidi hizo ni asidi lauriki, mnyororo wa kaboni 12 ulionyooka. Katika alizeti ya kawaida inayotawala ni asidi linoleiki, yenye kaboni 18 na bondi mbili maradufu, na kila bondi hiyo huukunja mnyororo. Anayepanga boriti za mikoko anaelewa haraka: zilizonyooka hulala pamoja na kubanana, zilizopinda huacha mianya hata uzipange vipi. Molekuli zinazobanana hushikana, na zikishikana huhitaji joto zaidi ili ziachiane.

Tazama asidi tatu zenye kaboni 18 kila moja. Asidi steariki, isiyo na bondi maradufu, huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi. Asidi oleiki ina bondi maradufu moja na pungufu ya hidrojeni mbili tu, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 13. Linoleiki imepungukiwa hidrojeni mbili nyingine, ikashuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Mwanafunzi makini atasema tofauti imeletwa na idadi ya hidrojeni. Basi mwoneshe asidi elaidiki: atomi zake ni zile zile za oleiki, kwa idadi ile ile, ila kwenye bondi maradufu mnyororo umepita upande wa pili, hivyo umebaki karibu umenyooka. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 45 hivi. Fomula moja, tabia mbili. Sijui mfano mwingine unaomshawishi mwanafunzi upesi kama huu.

Hapo ndipo ninapoona ufundishaji wetu unapokwama. Fomula na bondi huingia mapema sekondari, na mwanafunzi huzikuta ubaoni. Anachora nukta na misalaba ya elektroni, anachora methani kama msalaba wenye pembe za nyuzi 90, anapata alama zake. Maabara nayo, kwa kuufuata mtihani wa vitendo, imejikita kwenye bureti na pipeti, utambuzi wa ioni na kasi ya mmenyuko. Hayo yote ni ya lazima. Lakini umbo la molekuli halipati mahali pa kushikwa kwa mikono, na mwanafunzi anamaliza shule akiamini kwamba molekuli ni bapa kama daftari lake.

Wakubwa wa sayansi hii nao walipita hapo. Mwaka 1865, August Wilhelm von Hofmann alisimama mbele ya hadhira ya Royal Institution mjini London na modeli alizotengeneza kwa mipira ya mchezo wa kroketi na vijiti. Rangi alizozitumia, kaboni nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, tunazo hadi leo. Hata hivyo methani yake ilikuwa bapa. Ilibidi kusubiri hadi 1874, ndipo Jacobus van 't Hoff, kijana wa miaka 22, na Joseph Le Bel, kila mmoja kwa njia yake, waseme kwamba bondi nne za kaboni zinaelekea pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu. Van 't Hoff alikata na kukunja karatasi ngumu, akawatumia wanasayansi wenzake modeli hizo. Hermann Kolbe, profesa mwenye jina kubwa Ujerumani, alimkejeli hadharani mwaka 1877. Mwaka 1901 van 't Hoff akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ikiwa karatasi ilimtosha van 't Hoff, Utende ina vifaa vya kutosha. Chini ya kila mnazi kuna vidaka, yaani nazi changa, vilivyopukutika, vigumu kidogo lakini vinatobolewa kwa ncha ya msumari. Chelewa za ukuti ndizo bondi. Kidaka kimoja kipakwe masizi kiwe kaboni, vinne vipakwe chaki viwe hidrojeni. Usiwape wanafunzi jibu. Waambie wachomeke chelewa nne katika kidaka cheusi, kila moja iwe mbali na nyingine kadiri inavyowezekana. Wengi wataanza na msalaba bapa. Uliza kama haziwezi kuachana zaidi, kisha subiri. Atatokea mmoja wa kuinua chelewa moja juu, na kundi zima litaanza kuzihamisha zilizobaki. Hapo mpe pima pembe, na pembe itakaribia nyuzi 109.5. Maputo manne yaliyofungwa pamoja shingoni hujipanga hivyo hivyo yenyewe, kwa kuwa yanasukumana.

Kutoka hapo mwalimu anaweza kuingia kwenye amonia, nyuzi 107, na maji, nyuzi 104.5, ambako jozi za elektroni zisizo na atomi zinazisukuma bondi karibu zaidi. Wanakemia Ronald Gillespie na Ronald Nyholm waliieleza kanuni hiyo ya kusukumana mwaka 1957. Mpindo huo wa maji si jambo dogo: ndio unaoipa molekuli upande hasi na upande chanya, na bila ya hizo pande mbili chumvi isingeyeyuka baharini wala barafu isingeelea.

Modeli ina mipaka yake, na mwalimu aitaje. Atomi haina rangi, bondi si kijiti, na molekuli haitulii.

Mwanakemia Alex Johnstone wa Glasgow alieleza mwaka 1982 kwamba kemia husemwa katika ngazi tatu: kinachoonekana, chembe zisizoonekana, na alama za kuandika. Kosa kubwa ni kumrukisha mwanafunzi moja kwa moja kwenye alama. Mpangilio ninaoutetea ni huu: neli kwenye barafu kwanza, vidaka na chelewa pili, fomula mwisho.

Kwa kidato cha juu, mwani unatosha kuwa somo la siku nzima. Wakulima wa mwani wanazijua aina mbili, spinosumu na kotonii, na wanajua kwamba kotonii ina bei nzuri lakini hufa maji yakipata joto. Zote mbili hutoa karajinani, mnyororo mrefu wa sukari unaotumika kugandisha vyakula na dawa ya meno. Katika kotonii, kila sukari mbili zina kundi moja la salfeti. Katika spinosumu yapo mawili. Salfeti zina chaji hasi, zinasukumana, hivyo minyororo ya spinosumu haiwezi kushikana sana na ute wake huwa laini. Ya kotonii hukaribiana, hasa penye potasiamu, ikatoa ute mgumu unaotafutwa na viwanda. Tofauti ya bei anayoiona mkulima wa kisiwa cha Jibondo ina mizizi kwenye kundi hilo moja la salfeti.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na walimu wa kemia wa Mafia ni vipindi viwili vya maabara kila muhula kwa ajili ya umbo la molekuli, na kila kundi la wanafunzi watatu au wanne liwe na modeli yake. Modeli moja mezani kwa mwalimu haitoshi. Barafu ipo, mafuta yapo, vidaka havinunuliwi.