Longonot na watoto: amueni mkifika ukingoni

Wazazi wengi huwaza kilele tu wanapowapeleka watoto Mlima Longonot, unaotazama Ziwa Naivasha nchini Kenya. Kilele hicho kina mita 2,776, lakini si hicho peke yake kinachowamaliza watoto nguvu.

Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3 za kupanda. Kuuzunguka ukingo ni zaidi ya kilomita 7 nyingine, na njia si tambarare: mkimaliza kilima kimoja mnashuka, na kingine kinawangoja mbele.

Ndiyo maana uamuzi ufanywe pale ukingoni. Mkishafika nusu ya mzunguko hakuna njia ya mkato; kurudi ni mbali sawa na kuendelea. Mtoto akianza kulalamika miguu mapema, mpumzishe, mwonyeshe msitu ulio ndani ya kreta, kisha mrudi.

Anzeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Bebeni kofia na maji ya kutosha, maana vivuli ni haba. Wakati wa kushuka vumbi huteleza, hivyo viatu viwe vya kushika ardhi.

Mlima hauhami. Mtoto aliyerudi akicheka ataomba kwenda tena.