Tororo: Rangi mpya chini, majina ya zamani juu

Anayepita katikati ya mji wa Tororo, Uganda, macho yakiwa kwenye bidhaa huona mji mmoja. Akiyainua kidogo, juu ya mabati ya baraza, huona mwingine. Chini, rangi ni za juzi: njano ya kampuni moja ya simu, nyekundu ya nyingine, na mahali pengine rangi za kampuni ya rangi yenyewe, maana ukuta unaopakwa bure huwa tangazo. Milango ya mbao ya kukunja imeng'olewa, pameingia vioo na fremu za alumini, na sakafu ya saruji nyekundu imefunikwa vigae vyeupe vinavyoteleza mvua ikinyesha. Juu, kwenye kile kipande cha ukuta wa mbele kinachopanda kuficha paa, hakuna aliyegusa kitu. Jina la ukoo lililofinyangwa kwa saruji na mwaka wa ujenzi chini yake bado vinasomeka, vimeota ukungu mweusi, na ufa ukipatikana basi mche wa mtini umeshapata pa kushika mizizi. Jinja, Mbale na Soroti kuna mitaa ya namna hii pia. Kinachosumbua akili ni ule mstari ambapo brashi ilisimama. Ngazi ingeongezwa mita mbili tu, kazi ingekamilika. Kwa nini ukarabati wa mji huu unaishia pale jicho la mteja linapoishia?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna pesa, na jibu hilo halitoshi. Tororo haijawahi kukaa mbali na njia ya pesa. Reli ilifika hapa miaka ya 1920, tawi la kwenda Soroti likafunguliwa mwaka 1929, na treni zikaingia Kampala mwaka 1931. Maduka yenye baraza yalipanda nyuma ya reli hiyo, na kiwanda cha saruji kikafuata miaka ya 1950. Leo malori ya Mombasa yanayoingia kupitia Malaba yanapita kando ya mji huu usiku na mchana. Pesa ipo, isipokuwa aliye nayo mkononi si mwenye ukuta, na mwenye ukuta pengine hajulikani aliko. Hapo ndipo historia inaponing'inia juu ya mlango. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka Uganda, wakapewa siku 90. Tangazo hilo hakulitolea Kampala. Alilitoa hapa Tororo, mbele ya wanajeshi kambini. Kwa hiyo mji ambao kuta zake zimeandikwa majina ya waliofukuzwa ndio uliosikia kwanza kwamba wanafukuzwa. Wengi walihamia Uingereza, wengine Kanada na India. Mali ikaingia mikononi mwa bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka, na funguo zikagawiwa.

Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudisha majengo, na miaka ya 1990 mengi yalirudishwa kweli. Hata hivyo, mwaka 2019 kamati ya Bunge la Uganda ilikuwa bado inachunguza nani alipewa nini na kwa karatasi ipi. Mpangaji wa ghorofa ya chini haihitaji ripoti ya kamati ili aelewe maana yake. Anajua kwamba mwenye nyumba anaweza kuwa mjukuu aliyezaliwa Leicester ambaye hajaiona Tororo, au wakala anayepokea kodi kwa hati ya uwakilishi, au mtu ambaye hati yake itapingwa mahakamani kesho kutwa. Mpangaji mwenye akili hatii saruji kwenye ufa wa ghorofani. Mwaka wa kufukuzwa, ufa ule utabaki na mwenyewe pamoja na saruji yake. Anachoweza kuweka ni kile kitakachomrudishia pesa kabla ya mkataba kuisha: rangi, kioo, taa, kibao. Ndiyo sababu mstari wa brashi ulisimama pale. Naudhani kuwa mpaka halisi kuliko ule wa Malaba, kwa kuwa unatenganisha kinachomilikiwa na kinachotumiwa.

Katikati ya hivyo viwili kuna baraza, na hesabu ya baraza hakuna anayeijua kuliko fundi cherehani. Mashine yake ya kukanyaga, Singer au Butterfly, inatazama barabara, na mahali ilipo hapakuokotwa. Uzi mweusi juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva hauonekani ndani ya duka lenye balbu moja. Barazani mwanga huja kutoka upande, paa limeshaupunguza ukali, na hukaa hivyo karibu kutwa. Kwenye safu inayotazama mashariki fundi huanza asubuhi mgongo ukigusa ukuta, kisha jua linavyopanda huisogeza mashine kidogo kidogo kuelekea nguzo, hata adhuhuri amefika ukingoni. Sakafu imeinuliwa ngazi mbili juu ya barabara, kwa hiyo maji ya mvua hayamfikii. Karibu na mguu wake kuna pasi ya mkaa, kuna chaki bapa, kuna mfuko wa vipande visivyotupwa, maana kipande cha leo ndicho kiraka cha Jumatatu. Nguzo ina msumari, na kwenye msumari zinaning'inia nguo zilizokwisha: ndiyo dirisha lake la maonyesho. Mteja haingii popote. Anasimama, anapimwa kiuno mbele ya watu, anabishana bei, na mpita njia asiyehusika anatoa maoni kuhusu urefu wa mikono. Shule zikikaribia kufunguliwa kazi ni sare. Zikishafunguliwa, ni gomesi, magauni ya wanawake ya harusi na matanga. Na gomesi yenyewe inasemekana ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na fundi Mgoa, Caetano Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, kwa hiyo mshono mmoja wa barazani umeshabeba historia yote ya mtaa huu bila kuomba ruhusa ya bodi yoyote.

Mafundi hawa wana msimamo wao juu ya ukarabati, na hauzunguki. Rangi mpya si ugomvi wao. Ukuta safi humvuta mteja. Ugomvi huanza mwenye duka anapotaka kusogeza kioo hadi kwenye nguzo ili chumba kiongezeke. Kwa fundi, kumwambia ahamie ndani ni kumwambia afunge kazi: atalipa kodi ya chumba, atalipa umeme wa kufidia jua alilokuwa akipewa bure, na bado mteja hatamwona. Barazani analipa kiasi kidogo kwa mwenye duka, mashine ilale ndani usiku, na kwa malipo hayo humlindia mwenye duka mlango, humpokelea mizigo na kumwelekezea wageni. Mapatano hayo hayana karatasi. Na jambo lisilo na karatasi ndilo la kwanza kuvunjwa nyundo inapoingia. Je, miaka 20 ya kushona mbele ya nguzo ile ile humpa mtu haki yoyote? Sheria ya upangaji humwangalia aliye ndani ya mlango. Aliye nje ya mlango na ndani ya paa haangukii popote.

Jioni mashine zikishaingizwa, baraza hupokea zamu nyingine. Jiko la mkaa hukaa mahali palipokuwa na pasi ya mkaa, mayai hupigwa, chapati hugeuzwa, muchomo huanza kunukia, na benchi lililotumiwa na wanaosubiri kupimwa hukaliwa na wanaosubiri rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai. Zamu hii imerefushwa na pesa ya umma. Tororo ilikuwa miongoni mwa manispaa 14 zilizoingizwa kwenye mpango wa USMID, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013 kujenga barabara za miji, mitaro na taa. Tazama basi jinsi kazi ilivyogawanyika: serikali imetengeneza lami hadi mtaroni, mpangaji ametengeneza ukuta wake kuanzia mlangoni, na ule ukanda wa katikati, wenye paa linalovuja na nguzo zilizochubuliwa na pikipiki, hakuna aliyeutengeneza. Ndio ukanda unaolisha watu wengi zaidi kwa kila hatua ya mguu, mchana na usiku, na hauna bajeti. Fundi atakukumbusha pia kwamba zamu hizi mbili hazipendani sana: mafuta ya usiku hubaki sakafuni na kitambaa cheupe hakisamehe. Nani afagie? Hilo halijapata jibu.

Ukitaka kuona mji uliojengwa bila ukanda huo, Busia haiko mbali. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997, lakini haikulelewa na reli. Ililelewa na barabara, na pande zote mbili za mpaka na Kenya majengo yake mapya yanasimama yakilitazama lori: vioo, vigae, geti la chuma, baa ghorofani, vyumba vya kulala nyuma. Usiku wa Busia umejengwa juu ya kusubiri na juu ya tofauti za sheria. Sheria ya vileo ya Kenya ya mwaka 2010 iliruhusu baa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi na kufungwa saa 5 usiku. Mnywaji asiyetosheka alijua Uganda iko hatua chache. Wakati wa korona upepo ukageuka: Kenya iliondoa kafyu tarehe 20 Oktoba 2021, Uganda ikafungua baa tarehe 24 Januari 2022, na kwa miezi mitatu kiti halali cha usiku kilikuwa upande wa Kenya peke yake. Mwenye baa wa mpakani kwa hiyo hajengi kwa ajili ya kizazi. Anajenga kwa ajili ya tangazo lijalo la serikali. Kabla ya korona, tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani, na karatasi zilizokuwa zikichukua siku zikaanza kumalizwa kwa saa. Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema isiyo na ubishi. Kwa mwenye gesti, kila saa aliyookoa dereva ni saa ambayo kitanda kimekaa tupu. Na ghorofa ya vyumba 30 vya mita tatu kwa tatu haigeuki kirahisi kuwa kitu kingine, ilhali baraza la Tororo limegeuka mara mbili kila siku kwa miaka mingi.

Watakuja wenye kupinga, na wana haki ya kusikilizwa. Wa kwanza atasema maduka haya ni makumbusho ya ubaguzi: katika mfumo wa kikoloni Mwasia alipewa duka, Mwafrika akabaki na baraza, na sasa tunaombwa tulitunze baraza kama urithi. Hoja ni nzito. Ila iangaliwe inaelekea wapi. Ikiwa baraza ndilo lililokuwa fungu la aliyenyimwa duka, kulifunga kwa kioo hakuusahihishi ubaguzi ule. Kunamnyang'anya hata fungu hilo, na anayelinyakua leo ni mwenyeji mwenzake. Jina lililo juu libaki au lifutwe, hayo ni mazungumzo ya waliofukuzwa na waliobaki, na sioni kwa nini rangi iyamalize kabla hayajaanza. Wa pili atasema soko jipya likijengwa kila fundi atapata kibanda chake. Huenda. Lakini kibanda kilicho ndani ya soko hakina mpita njia, na sehemu kubwa ya kazi ya fundi wa barazani huletwa na mtu aliyetoka kununua sukari akakumbuka suruali yake imefumuka. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye nguvu zaidi, atauliza nani alipe. Mwenye nyumba hayupo, mpangaji haaminiki kukaa, fundi hana. Hapa sina jibu safi. Nadhani halmashauri iliyoweza kutengeneza mtaro inaweza kutengeneza nguzo inayosimama kando ya mtaro, na kuikata gharama kwenye kodi ya majengo. Lakini jengo ambalo mwenyewe anabishaniwa, hati ya kodi itapelekwa kwa nani?

Suala haliwezi kungoja mabishano hayo yaishe. Mwezi Oktoba 2024 Uganda ilitia saini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Reli ya kwanza ndiyo iliyoleta baraza Tororo. Ya pili, ikija na wapangaji wapya wanaotaka vyumba vipana, inaweza kuliondoa, na hakutahitajika tangazo la rais wala siku 90. Mafundi ujenzi wachache na mwisho wa wiki mmoja watatosha. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango, na ramani ya ujenzi mjini haiwi halali mpaka ipitishwe. Kamati ya mipango ya manispaa ya Tororo haihitaji mfadhili, wala sheria mpya, wala jibu la nani mwenye jengo. Ikiletewa ramani inayosogeza ukuta hadi kwenye nguzo, iikatae.