Una presha? Anza na chumvi ya sufuria ya nyumbani

Umetoka kituo cha afya. Muuguzi amekufunga mkanda mkononi, mashine imejaa upepo, ukaambiwa presha iko juu. Kisha ukapewa maagizo mengi kwa mara moja: punguza chumvi, punguza mafuta, punguza sukari, fanya mazoezi, acha pombe, acha sigara, kula matunda, usiwe na mawazo mengi. Unarudi nyumbani Nakivale, Kyaka II au Rwamwanja, kwenye nyumba ya watu sita au wanane, sufuria moja, na msaada wa chakula uliopungua. Unaanza yote Jumatatu. Ijumaa hakuna hata moja lililobaki.

Uwe mkimbizi au mwenyeji, tunakushauri uanze na jambo moja tu, nalo ni chumvi. Mengine pia yana maana, lakini kupunguza chumvi hakuhitaji pesa, na presha ya watu wengi huanza kushuka ndani ya wiki chache.

Kwanza ujue kwa nini jambo hili si la kuahirisha. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Unaweza kuwa nayo miaka mingi huku unalima, unabeba maji na unacheka na majirani. Wakati huo inachosha moyo, inaharibu figo na mishipa ya damu, na siku moja inaleta kiharusi. Mtu aliyekuwa analisha nyumba anakuwa wa kulishwa. Ndiyo maana usisubiri kuumwa kichwa ndipo upime. Kwa mtu mzima, kipimo cha 140/90 au zaidi kikirudia siku tofauti huhesabiwa kuwa presha ya juu. Kabla ya kupimwa, kaa chini dakika tano, usiongee, na usiwe umetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa. Ukipimwa ukiwa umetoka kupanda kilima, namba zitadanganya.

Hesabu ya pakiti

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Lakini nani anapima chumvi kwa kijiko? Wapishi wengi hutumia mkono na macho. Kwa hiyo fanya hivi: ukifungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake. Ikiisha, hesabu siku.

Tuseme mko sita na pakiti imeisha kwa siku 8. Gramu 500 gawanya kwa watu sita na siku nane, kila mmoja amekula zaidi ya gramu 10 kwa siku. Hiyo ni mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Ili mfike kwenye gramu 5, pakiti hiyo hiyo inapaswa kukaa siku 16 au 17. Usijaribu kuruka kutoka 8 hadi 17 kwa wiki moja, maana chakula kitakataliwa na wewe utarudi ulikotoka. Pakiti inayofuata ikae siku 10. Nyingine 12. Ulimi huzoea polepole, na baada ya miezi michache chakula cha zamani utakiona kina chumvi kali.

Vita kubwa si ya ulimi wako, ni ya watu wa nyumbani. Mama anayepika hawezi kuweka sufuria mbili kwa kuni zile zile, na baba hataki kula "chakula cha hospitali". Punguza kwa wote. Asiye na presha hapungukiwi na kitu, na watoto wanahitaji chumvi kidogo kuliko wakubwa. Kuna wapishi wanaopunguza kimya kimya na kuwaambia wengine wiki ya tatu. Sisi hatuwalaumu. Tia chumvi mwishoni, chakula kikikaribia kuiva, kwa kijiko kile kile kila siku, na usiweke chumvi mezani. Kitunguu, nyanya, tangawizi, limau na pilipili vitasaidia. Wenyeji wanaopika mchuzi wa karanga, binyebwa, wanajua kwamba karanga zenyewe zina ladha. Hazihitaji chumvi nyingi.

Kuna chumvi isiyotoka kwenye pakiti. Vidonge vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi sana; ukitia kidonge, punguza chumvi ya kawaida au usitie kabisa. Samaki wa chumvi, makayabu, aloweke majini, na maji hayo yamwagwe, mara mbili au tatu. Na magadi ya kulainishia maharage au majani nayo yana sodiamu, kitu kile kile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha. Loweka maharage usiku kucha, yataiva haraka bila magadi na utaokoa kuni.

Usiache chumvi kabisa. Nunua ile yenye madini joto, kwa sababu inakinga rovu na inasaidia ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Baadaye, jambo la pili

Pakiti ikishakaa siku 12 bila ugomvi, chagua jingine. Kama unatia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, shuka hadi viwili na nusu. Kama kazi yako ni ya kukaa, fundi cherehani, muuza duka au dereva wa boda, tembea dakika 30 siku tano kwa wiki. Anayechota maji mbali na kulima tayari anafanya mazoezi. Asiambiwe akimbie asubuhi.

Hatusemi ule kidogo. Kama chakula hakitoshi nyumbani, shida yako si unene. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipunguziwe mafuta wala chakula. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke mlo. Sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Kama umeandikiwa vidonge vya presha, endelea navyo hata namba zikiwa nzuri. Mara nyingi ni nzuri kwa sababu ya vidonge hivyo. Ukitaka kupunguza, amua pamoja na mhudumu wa afya. Usimeze dawa ya jirani hata kama mna presha sawa, kwa maana figo zenu si sawa. Dawa zikikosekana kituoni, uliza siku hiyo hiyo zitapatikana wapi, usikae mwezi ukisubiri.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Mpeleke mtu kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimepita.

Nchini Uganda, vituo vya afya vya serikali vinahudumia wakimbizi na wenyeji bila malipo. Vituo vingi vina siku maalumu ya kliniki ya presha na kisukari, na siku hiyo hutofautiana. Mhudumu wa afya wa kijiji chako, VHT, atakuambia ni lini. Nenda na karatasi yako ya vipimo, na tarehe ulizoandika kwenye pakiti.