Kabla ya Kukata Shauri



Katika mikutano yetu husemwa sana juu ya miche, majamvi na bei, na mambo hayo yastahili kusemwa. Lakini iko kazi moja ya mwenye shamba ambayo haisemwi kabisa, nayo ndiyo inayotangulia zote, yaani kazi ya kukata shauri. Nichume leo au ningoje kesho kutwa? Nikodishe mikarafuu au nichume mwenyewe? Nimwoze kijana mwaka huu au mwaka ujao? Mtu huweza kupoteza mali nyingi zaidi hapo kuliko inayopotea kwa mvua, na pengine asijue hata siku moja kwamba amepoteza.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ya wenzangu siyajui vyema.

Mwaka mmoja nilitaka kuezeka nyumba kwa mabati. Mikarafuu ilikuwa bado kutoa matumba. Akaja mtu barazani, mbele ya wazee na vijana, akataka kukodi mikarafuu yangu yote 40 kwa mavuno ya mwaka ule, fedha mkononi. Nikakubali palepale. Nilipofika nyumbani mke wangu akanambia ingefaa ningoje matumba yaonekane ndipo nizungumze bei. Niliona amesema kweli, na fedha nilikuwa bado sijazipokea. Lakini neno nilikwisha litoa mbele ya watu, nikaona haya kurudi. Mwaka ule mikarafuu ilizaa hata matawi yakainama. Nikakaa chini ya mabati yangu mapya nikisikiliza wachumaji wa mtu mwingine wakiimba ndani ya shamba langu, na mke wangu hakunambia neno hata moja. Afadhali angalisema.

Wengi watasema kosa langu lilikuwa kukodisha katika mwaka wa neema. Sivyo. Mwaka wa neema ni wa Mwenyezi Mungu, na mimi sikuwa na njia ya kuujua siku ile. Kosa langu lilikuwa kwamba habari ilikuwa njiani inakuja, nami sikuingoja. Tena niliogopa macho ya watu kuliko nilivyoogopa khasara. Hata kama mwaka ule mikarafuu isingezaa kitu, nikaonekana mjanja wa kijiji kizima, shauri lingekuwa bovu vilevile.

Jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa hivyo naomba tulikalie kidogo. Sisi hupima shauri kwa matokeo yake. Aliyepata twamwita hodari, na aliyekosa twamwita mjinga. Lakini tazameni historia ya visiwa hivi. Wakati wa Seyyid Said wenye mashamba waliamrishwa wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na Unguja ikajaa mikarafuu. Aprili 1872 ikapiga tufani, ikaangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuja kuwa shamba kubwa la karafuu. Je, aliyepanda Unguja alikuwa mpumbavu, na aliyepanda Pemba mwenye hekima? Hapana mmoja kati yao aliyeijua tufani. Walakini yule aliyepanda mikarafuu mitupu, asiache hata nafasi ya muhogo, tena kwa fedha ya kukopa, huyo aweza kuulizwa, maana kwamba mti huweza kuanguka ni jambo lililojulikana kabla ya 1872. Na katika miaka ya 1930 madeni ya wenye mashamba yalifika hadi serikali ya wakati ule ikatunga sheria za kuzuia ardhi isitoke mikononi mwao kwa sababu ya deni. Deni lile halikuletwa na tufani. Lililetwa na mashauri madogomadogo, moja moja, yaliyokatwa kwa haja ya siku ile.

Basi shauri hupimwaje? Kwa kutazama mtu alijua nini, angeweza kujua nini, na alifanya hesabu gani. Na hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme una mikarafuu 40. Mwaka mzuri kila mmoja, kwa wastani, wakupa kilo 3 kavu, na mwaka mbaya kilo 1. Bei, kwa wepesi wa hesabu tu, tuiweke shilingi 10,000 kwa kilo. Mwaka mzuri utapata kilo 120, yaani shilingi 1,200,000. Toa ujira wa wachumaji na wachambuaji na gharama za uchukuzi, tuseme 400,000, zitabaki 800,000. Mwaka mbaya utapata kilo 40, yaani 400,000. Toa gharama 130,000, zitabaki 270,000. Naye mkodi amekuja na 480,000 mkononi.

Kama hujui kabisa mwaka utakuwaje, na mzuri na mbaya waona ni sawasawa, basi katikati ya 800,000 na 270,000 ni 535,000. Fedha ya mkodi imepungua hapo kwa 55,000 tu, na huenda mtu mwenye haja akaona ni haki kulipa hiyo ili alale usingizi. Huyo simlaumu. Lakini matumba yakisha kuonekana mambo hugeuka. Yakiwa mengi, kuchukua 480,000 ni kutupa 320,000. Yakiwa haba, fedha ile ni ukarimu, umshukuru. Na matumba ya mkarafuu huonekana miezi kadhaa kabla ya kuchumwa. Tena sote twajua kwamba mti uliozaa sana mwaka uliopita mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata. Mkodi naye ana macho, na matumba yakijaa atabadili bei yake. Na abadili. Hapo mtazungumza watu wawili mnaojua jambo moja, wala hatakuwa yeye peke yake aliyezunguka mashambani kutazama.

Tena, mbona twajifunga kwa mambo mawili tu, kukodisha yote au kutokodisha kabisa? Mwenye haja hujiona ana njia mbili kwa sababu haja humziba macho. Miaka mitatu baada ya yale mabati nilihitaji fedha ya kumsomesha mtoto. Safari hii tulikaa mimi na mke wangu, ambaye ndiye anayechambua na kuanika na ajuaye kuliko mimi ni pishi ngapi za mbichi hugeuka kilo ngapi za kavu. Tukagundua kwamba tulihitaji shilingi 180,000 tu. Tukangoja matumba, tukaona ni ya kadiri, tukakodisha mikarafuu 15 kwa shilingi 12,000 kila mmoja, na 25 tukachuma wenyewe. Sharti tuliloweka, mbele ya shahidi na kwa maandishi, lilikuwa kwamba mkodi asichague mikarafuu mizuri mitupu, na wachumaji wake wasivunje matawi. Mkodi ana haki na mavuno ya mwaka mmoja. Tawi lililovunjwa ni la miaka mingi, na khasara yake ni ya mwenye shamba.

Katikati ya msimu bei ikapanda. Kwa ile mikarafuu 15 nilipata kidogo kuliko ambavyo ningepata. Jirani mmoja akanicheka. Mimi nasema hadi leo kwamba lile lilikuwa shauri zuri, na kama hali ingerudi kuwa vilevile ningelikata tena.

Yako mashauri ya kukatwa upesi, na si kila jambo la kuketi kikao. Ukitaka kujaribu kuanika juu ya sakafu badala ya jamvi, jaribu. Ukiona haifai rudi kwenye jamvi lako. Wingu likitanda na karafuu ziko nje, hapana shauri la kukata hapo, anua! Lakini kung'oa mkarafuu ni jambo jingine. Mche huchukua kama miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, na kufika utu uzima wake miaka 20 hivi. Tuliliona hili wenyewe. Mnunuzi wetu mkubwa wa zamani alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara. Katika miaka ya 1970 wakapanda mikarafuu yao kwa wingi, na kufika miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena. Bei ikaanguka. Wako waliokata mikarafuu wakapanda muhogo, na wako walioiacha iingiliwe na msitu. Bei ya dunia ilipopanda sana kufika 2011, aliyeuacha msituni alifyeka akachuma. Aliyekata alikuwa na muhogo na mche. Simcheki aliyekata, watoto walitaka kula. Lakini kama angeliuliza, "Je, jambo hili naweza kulirudia?" labda angelikata miti 10 akaacha 30.

Upande wa pili, wako wasiokubali kuacha jambo kwa sababu tu wamekwisha lilipia. Mtu ana mkarafuu uliokauka majani yote, umekufa kwa maradhi yale ya kufa ghafla yanayotujia mara kwa mara, naye aendelea kuupalilia kwa kuwa aliupanda babu yake na ameutumia fedha. Fedha iliyokwisha toka haimo tena katika hesabu, ukae na mti au uukate. Swali ni hili tu: kuanzia leo, shilingi moja itakayofuata itazaa wapi? Vivyo hivyo kwa dau bovu, kwa duka lisilouza, na hata kwa kesi ya mpaka baina ya ndugu, ambayo imekwisha kula zaidi ya thamani ya ardhi inayogombewa.

Jambo la mwisho ni daftari. Akili ya mtu ni shahidi mwongo, mambo yakisha kutokea husema, "Nilijua tangu mwanzo." Dawa yake ni kuandika siku ile ile: tarehe, shauri gani, kwa sababu zipi, nategemea nini kitatokea, na nani alinipa rai iliyopingana na yangu. Mistari mitano yatosha. Baada ya mavuno soma ulichoandika. Mimi nilipoanza kusoma langu niligundua jambo lililonitahayarisha. Mashauri yangu mabaya mengi yalikatwa barazani baada ya magharibi, mbele ya watu, na mazuri yalikatwa asubuhi. Sasa mtu akinijia jioni na fedha humwambia, "Bwana, njoo kesho baada ya chai." Wawili watatu hawakurudi, na sijutii.

Mwanachama yeyote mwenye hesabu ya mikarafuu yake kwa miaka 5 au zaidi, hata ikiwa imeandikwa nyuma ya kalenda, anaombwa amwoneshe katibu kabla ya mkutano ujao. Tukizikusanya tutaweza kuona ni miaka mingapi kwa kweli hupita baina ya mavuno makubwa katika kila mtaa, na kila mmoja wetu atakuwa na kitu cha kutazama siku mkodi atakapobisha hodi.